Kwa mdodosaji mpya: kinachovuruga daftari ni waliohama

Wengi wanaoanza kazi ya kufuatilia afya za wanakijiji mwaka hadi mwaka hudhani ugumu uko kwenye vifo. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe kifo cha mtu mzima hakifichiki. Kinachotuvurugia daftari la wakaazi ni uhamaji.

Chukua kijana aliyeondoka kutafuta kazi miaka 2 iliyopita. Kila mzunguko wa kupita kaya kwa kaya, ukiuliza kama yupo, mama yake anajibu "yupo". Mama hadanganyi: kwake huyo bado ni mtu wa nyumba ile. Lakini kwenye hesabu, kijana ameongeza miaka 2 ya kuishi ndani ya eneo letu, na akifariki huko aliko huenda tusijue. Wakifika mia kadhaa wa namna hiyo, kiwango cha vifo vya vijana kinashuka kwenye makaratasi tu. Kwa hiyo usiulize kama yupo. Uliza mara ya mwisho alilala hapa lini, alikwenda wapi, anarudi lini. Kisha fuata kanuni ya mradi kuhusu muda wa ukaazi, yaani mtu akikosekana muda gani ahesabiwe amehama, usijitungie yako.

Anayehamia kaya nyingine humohumo ndani ya eneo ni mtego mwingine. Binti akiolewa nyumba ya tatu, asipewe namba mpya ya utambulisho. Ukimpa, umeumba mtu wa pili, na chanjo zake zote zimebaki kwa yule wa kwanza. Niliwahi kumaliza wiki nzima nikiwaunganisha wanawake waliogawanyika hivyo, wengine jina la ukubwani halifanani hata kidogo na la utotoni.

Halafu kuna mimba. Hapa naomba uwe mkaidi. Mtoto akizaliwa na kufa kati ya mizunguko miwili, mara nyingi hakuna atakayekutajia. Ila mimba iliyokwisha kuandikwa inakudai jibu: iliishia wapi? Matlab, Bangladesh, ambako vizazi na vifo vinaandikwa tangu 1966, kwa miongo mingi wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba walau kila mwezi, na mambo kama haya hayakuwaponyoka kirahisi. Sisi tunaopita mara 2 au 3 kwa mwaka, tegemeo letu ni kuiandika mimba mapema.

Mahojiano ya chanzo cha kifo utafundishwa kwa urefu, sitayarudia. Moja tu: mtafute aliyemuuguza marehemu. Mkuu wa kaya mara nyingi hakuwapo usiku homa ilipopanda.

Na usikimbilie kusema "ni kwa faida yenu". Nilimwambia hivyo bibi mmoja mwaka wangu wa kwanza. Akaniuliza ya mwaka jana ilikuwa ipi. Sikuwa na jibu, nikafunga dodoso nikaaga. Mzunguko uliofuata nilikwenda na idadi ya watoto waliozaliwa na waliofariki kijijini kwake, nikamsomea kabla sijauliza swali lolote.