Jiko la gesi la kuchomea nyama ukiwa na trela: uliza presha kabla ya bei

Waswahili wa Marekani na Kanada wanaonunua trela la kulala, lile linalovutwa na pikapu hadi kambini, wengi huingia dukani na swali moja: jiko gani litatosha familia? Swali hilo lina nafasi yake, ila kuna lingine linalopaswa kulitangulia. Jiko litapata gesi kutoka wapi? Kwenye kichupa kidogo cha paundi 1, kwenye mtungi wake peke yake, au kwenye mitungi ya trela? Ukikosea hapo, hata jiko la bei kubwa litakupa moto wa mshumaa.

Sababu yake ni hii. Gesi ya trela ni propeni, na mitungi yake, mmoja au miwili, hukaa mbele kwenye ulimi wa trela, ile sehemu inayoungwa na gari. Aghalabu kila mmoja ni wa paundi 20 (kilo 9) au paundi 30 (kilo 13 na nusu). Siku yenye joto la nyuzi 21 za Selsiasi, presha ndani ya mtungi huzidi psi 100 (paundi kwa kila inchi ya mraba). Regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) iliyofungwa hapo mbele huishusha hadi inchi 11 za maji, yaani chini ya nusu psi. Presha hiyo ndogo ndiyo inayolisha jiko la ndani, friji na hita. Matrela mengi pia yana tundu la gesi ubavuni kwa ajili ya jiko la nje, na gesi inayotoka hapo tayari imeshapita kwenye regyuleta.

Majiko mengi ya kubebeka, kwa upande mwingine, yametengenezwa yatumie kichupa, kwa hiyo yana regyuleta yao wenyewe: ni kile kipande kinene cha chuma unachofungia kichupa. Ukiliunganisha jiko kama hilo na tundu la ubavuni, gesi inapita kwenye regyuleta mbili. Ile ya pili inahitaji presha kubwa upande wa kuingilia ndipo ifanye kazi, na presha hiyo haipo. Moto unakuwa mdogo, unayumba, na wavu haupati joto la kubabua nyama. Watu wengi hurudisha jiko dukani wakidhani ni bovu, kumbe halina kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma bamba la maelezo lililobandikwa kwenye jiko au ukurasa wa vipimo kwenye kitabu chake. Tafuta presha ya kichomeo, yaani ile inayotoka baada ya regyuleta. Ukiona namba 11 pamoja na herufi W.C. (maana yake inchi za maji), kichomeo chake kinatumia presha ileile ya trela. Majiko ya Weber Q ni ya aina hiyo, ndiyo maana kuna vifaa vingi sokoni vya kuondoa regyuleta yake na kuweka mpira wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la trela. Ujue tu kwamba ukilibadilisha jiko, dhamana ya kiwandani inaweza kuondoka. Ukiona presha iliyoandikwa ni ya psi kadhaa, hilo ni jiko la presha kubwa. Nozeli yake, kijimdomo kinachorusha gesi, ina tundu dogo mno, na gesi ya trela haiwezi kupita humo kwa wingi wa kutosha hata ukiondoa regyuleta. Liache, au utumie njia nyingine ya gesi.

Na kinyume chake ni hatari ya kweli: jiko lililoondolewa regyuleta lisiunganishwe kamwe moja kwa moja na mtungi au kichupa. Kichomeo kilichopimiwa nusu psi kikipokea psi 100 kitarusha moto nje ya jiko, na mkono wako utakuwa bado kwenye kitufe.

Tundu la ubavuni ndilo njia ya kwanza. Njia ya pili ni kuchukua gesi ya trela kabla haijafika kwenye regyuleta. Kuna kiungo cha shaba chenye umbo la T kinachofungwa kati ya mtungi na regyuleta, chenye mdomo wenye nyuzi za skrubu sawa na za kichupa. Hapo unafunga mpira wa presha kubwa, na jiko linabaki na regyuleta yake kama lilivyotoka kiwandani. Njia hii ni safi, ila inakulazimisha upikie karibu na ulimi wa trela au ununue mpira mrefu.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa familia nyingi: mtungi mdogo wa peke yake, wa paundi 5 au paundi 11, na mpira wa kuunganishia. Jiko halibadilishwi, dhamana inabaki, na unaweza kulipeleka kwenye meza ya kambi, mbali na trela. Hesabu yake pia inaridhisha. Paundi moja ya propeni ina takriban BTU 21,600 (BTU ni kipimo cha joto). Jiko la BTU 12,000 kwa saa, likiwashwa moto wote, hula kichupa kizima kwa chini ya saa mbili. Mtungi wa paundi 5 huliendesha saa 9, na kwa moto wa kati zaidi ya hapo. Vichupa vina kasoro nyingine wakati wa baridi: gesi ikichomoka kwa kasi, kichupa chenyewe hupoa hadi kutoa jasho au barafu, presha hushuka, na moto hufifia wakati gesi bado imo. Mtungi mkubwa haupoi haraka hivyo.

Mpira usiuchague kwa urahisi wa bei. Ile ya hali ya chini, ikikaa na presha kubwa muda mrefu, huachia mafuta ya plastiki yanayosafiri na gesi hadi kuziba regyuleta. Nunua ulioandikwa kuwa ni wa propeni na presha kubwa, wenye vyeti vya usalama vya Marekani au Kanada, na kila ukimaliza kupika funga mtungi kwanza, acha moto uzimike wenyewe ili mpira ubaki mtupu.

Sasa tuje kwenye jiko lenyewe. Watengenezaji hushindana kwa BTU, na wanunuzi huamini kubwa ndilo bora. Gawanya BTU kwa ukubwa wa wavu ndipo ulinganishe. Weber Q1200 ina BTU 8,500 kwa inchi za mraba 189, sawa na 45 kwa kila inchi. Q2200 ina 12,000 kwa 280, yaani 43. Weber Traveler, ile yenye miguu na magurudumu, ina 13,000 kwa 320, yaani karibu 41. Coleman RoadTrip 285 ina vichomeo vitatu na BTU 20,000 kwa 285, yaani 70. Ukiangalia namba peke yake utasema Coleman inaongoza, na kweli inababua haraka. Lakini majiko ya Weber Q yana mwili mnene wa alumini, mfuniko unaokaa vizuri na wavu mzito wa chuma cha kusubu, hivyo joto dogo linabaki ndani. Penye upepo, tofauti hiyo huonekana zaidi kuliko BTU. Kwa watu wawili watatu, inchi 189 zinatosha. Familia ya watano wanaopenda kula pamoja, wakati mmoja, isishuke chini ya 280.

Kinachosahaulika na makala nyingi za Kiingereza ni kwamba sisi hatuchomi baga tu. Mbavu za mbuzi zinataka moto mdogo wa muda mrefu, si moto mkali wa dakika nane. Kwa mbuzi, tafuta jiko lenye vichomeo viwili au zaidi vinavyofungwa kila kimoja peke yake: washa cha upande mmoja, weka nyama upande wa pili, funika. Jiko la kichomeo kimoja, kama Q1200, linahitaji ujanja: tandika karatasi ya alumini iliyokunjwa mara mbili juu ya wavu, weka juu yake kiinua cha waya chenye urefu wa sentimita 3 hivi, nyama ikae juu ya kiinua. Toboa karatasi matundu machache, usiifunike wavu wote, kwani hewa moto lazima izunguke. Pima pia kimo cha mfuniko kabla ya kununua. Paja zima la mbuzi halifungiki kwenye majiko mengi madogo.

Mishkaki na mahindi hayana matata kwenye wavu wowote. Kuku mwenye mfupa ndiye anayewashinda wengi, nje kaungua na ndani damu. Muanzie upande usio na moto, na beba kipimajoto cha nyama: kuku nyuzi 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71, vipande vya ng'ombe, kondoo au mbuzi angalau 63 kisha vipumzike dakika 3. Kwa mbuzi wa kulainika utapita mbali na hapo, hiyo 63 ni ya usalama tu.

Kama asubuhi zenu ni za chapati na mayai, fikirieni bamba bapa badala ya wavu. Blackstone ya inchi 22 hupika chapati kadhaa kwa mpigo. Ila bamba lina masharti yake: ni zito, linapakwa mafuta na kuchomwa kabla ya matumizi ya kwanza, linataka kufutwa na kupakwa mafuta kila baada ya kupika lisipate kutu, na linataka kusimama sawasawa. Kambini ardhi haiko sawa. Mafuta yakimiminikia kona moja yatafurika upande usio na mfereji. Weka pimamaji juu ya bamba na usawazishe miguu kwa vipande vya mbao kabla ya kuwasha.

Utaratibu wa kuunganisha uwe uleule kila safari. Vitufe vyote vya jiko vimefungwa. Funga mpira kwa mkono. Fungua mtungi polepole, robo ya mzunguko kwanza. Paka maungio yote maji yenye sabuni nyingi ya vyombo. Povu likivimba, gesi inavuja: funga mtungi, kaza au badilisha raba ya kiungo, upime tena. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Kisha inua mfuniko, ndipo uwashe. Kuwasha mfuniko ukiwa umefungwa hukusanya gesi ndani na kulipuka usoni.

Huko "polepole" kuna maana. Viungo vya mitungi ya paundi 20 vina kizuizi kinachobana gesi kikihisi inakimbia kupita kiasi, kana kwamba mpira umekatika. Ukifungua mtungi kwa ghafla huku kitufe cha jiko kiko wazi, kizuizi hushtuka na moto unabaki mdogo. Funga vyote, tenganisha mpira na mtungi, subiri dakika moja au mbili, anza upya. Kama moto bado ni wa njano na presha iko sawa, chungulia bomba la kichomeo. Buibui hupenda kujenga humo jiko likikaa miezi ya baridi bila kutumika, na utando mdogo tu unatosha kuharibu mchanganyiko wa hewa na gesi. Brashi nyembamba ya chupa inausafisha.

Mahali pa kuweka jiko pasifanyiwe mjadala. Mita 3 kutoka kwenye trela, si chini ya turubai la kivuli, si mbele ya matundu ya friji. Baadhi ya matrela huja na mkono wa chuma wa kuning'iniza jiko ubavuni. Sisi hatuutumii, kwa sababu kuta nyingi za trela huharibiwa na joto na moshi. Na mvua ikinyesha, usiliingize jiko ndani hata kwa dakika tano. Kaboni monoksidi haina harufu, na trela ni chumba kidogo. Karibu na jiko weka kizimamoto cha daraja B, kile cha moto wa mafuta na gesi. Mafuta yakishika moto, zima gesi kama kitufe kinafikika, funga mfuniko, na maji yasiguse kabisa.

Gesi ina faida moja kubwa kuliko mkaa kwenye majimbo ya magharibi: katika kiangazi cha vikwazo vya moto, mkaa na kuni hupigwa marufuku mapema, wakati jiko la gesi lenye kitufe cha kuzima mara nyingi bado linaruhusiwa. Uliza ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka, maana masharti yanaweza kubadilika wakati wowote. Kwenye nchi ya dubu, kama Yellowstone, jiko lenye harufu ya mafuta huhesabiwa kama chakula. Usiliache mezani usiku. Lifungie ndani ya gari.

Kabla ya kuondoka kambini, choma wavu dakika 10 hadi 15, ukwangue, mwaga trei ya mafuta, na jiko lipoe kabisa. Wavu wa chuma cha kusubu utoe na kuufunga kwenye taulo, kwani mtikisiko wa barabara hubandua rangi yake ya kauri. Vichupa visafiri wima, bila kuachwa vimefungwa kwenye jiko, wala visilale chumbani. Kichupa cha kutupwa kisijazwe tena: sheria ya Marekani inakataza kusafirisha kichupa cha namna hiyo kilichojazwa upya, na adhabu yake imeandikwa ubavuni mwa kichupa chenyewe.

Mtungi nao una umri. Tarehe ya kutengenezwa imegongwa kwenye kola yake, mwezi na mwaka. Marekani unahitaji kukaguliwa upya miaka 12 baada ya hapo, Kanada miaka 10, na kituo cha gesi kitakataa kuujaza ukiwa umepitiliza. Sehemu nyingi za kubadilishana mitungi hupokea mtungi uliopitwa na wakati na kukupa mwingine uliojazwa, hivyo upeleke huko badala ya kulipia ukaguzi.