Besi wa Januari Hataki Haraka

Juzi msomaji aliyehamia Pennsylvania, Marekani, kutoka Nakuru aliniandikia: "Kaka, baridi ikishaingia samaki besi hupotelea wapi? Mwezi mzima natupa ndoano mto Susquehanna, hata kudonolewa sijadonolewa." Nilijiona mwenyewe katika ujumbe ule. Nami nilimaliza majira mawili ya baridi bila kutoa hata mmoja.

Mimi ni mtoto wa Naivasha. Besi aliletwa ziwani kwetu kutoka Marekani miaka ya 1920, na nimemvua tangu nikiwa shule ya msingi. Huku Harrisburg, Pennsylvania, nilimkuta ndugu yake, besi wa mdomo mdogo, na kiangazi changu cha kwanza kilinipa kiburi: nikitupa na kuvuta haraka, alikuwa akiruka mwenyewe. Desemba nikaendelea vilevile, patupu. Mzee mmoja niliyekuwa nikivua naye akasema mbele za watu kwamba Mwafrika na barafu haviivi chungu kimoja, nikaote moto nyumbani. Kauli ile bado imo moyoni mwangu.

Jumamosi iliyopita nimetoa wanne, mahali pamoja, kwa muda usiofika saa moja. Maji yalikuwa nyuzi 4 za Selsiasi. Mkubwa wao alikuwa na sentimita 48.

Kilichobadilika ni kwamba nilianza kumfikiria samaki, si mimi. Besi hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa naye hupoa, chakula hukawia tumboni, na nguvu za kushindana na mkondo hana. Hivyo huacha maji ya kasi na kujikusanya penye kina na utulivu: nyuma ya visiwa, nyuma ya nguzo za madaraja, pale maji yanapojizungusha polepole. Susquehanna ni mpana lakini maji yake ni mafupi, kwa hiyo mahali kama hapo ni pachache. Ukipapata, umewapata wengi. Mimi nilipoteza miaka miwili nikirandaranda ukingoni.

Tumia chambo kidogo cha manyoya chenye kichwa cha madini ya risasi. Kiache kifike chini. Hesabu hadi kumi, kisogeze kidogo, hesabu tena. Usingoje kudonolewa kwa nguvu. Mshipi unakuwa mzito tu, kama umenasa jani lililoloa. Hapo ndipo uinue fimbo.

Ndugu zangu, ugenini tunashindwa kwa pupa kuliko kwa baridi. Tunataka mto utulipe siku ileile tuliyofika. Punguza mwendo. Ukidhani umeupunguza, punguza tena.

Na ukipanda mtumbwi, vaa jaketi la uokozi. Kwa mitumbwi na boti ndogo sheria ya Pennsylvania inalazimisha kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30, na ni sheria ya haki: maji yale hulegeza mikono kabla hujafika ukingoni. Samaki nao warudishe. Mwaka 2005 besi wachanga walikufa kwa wingi katika mto huu kwa maradhi, na kila mkubwa aliyebaki ni mzazi. Lowesha mikono kwanza ndipo umshike.

Kwako wa Nakuru: usidamke alfajiri. Lala, kunywa chai, fika mtoni saa sita jua likiwa limegusa maji, na ubaki hadi saa tisa. Anza na nguzo ya daraja iliyo karibu nawe, upande maji yanakoelekea.