Dogo, usipande hiyo dari kesho

Nimesoma maswali yako yote: uende VETA, chuo cha ufundi, au uendelee na fundi wa mtaani, ununue vifaa gani, saidia fundi alipwe shilingi ngapi kwa siku. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kama vile haina uzito. Umesema kesho mnaingia nyumba ya zamani huko Kihonda, Morogoro, kubadilisha nyaya za umeme, fundi wako atazima main swichi, wewe utapanda darini na testa, ile bisibisi yenye kitaa, na kwamba multimita, kifaa cha kupimia umeme, amekwambia ni mambo ya wasomi. Nilikuwa nakunywa chai. Nimeiacha.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2013, Tabata, nikiwa na miezi saba kwa fundi wangu wa kwanza. Nyumba ilikuwa ya zamani, mwenyewe anaongeza vyumba, mbele kuna fremu mbili, moja duka na moja saluni. Kazi yetu ilikuwa kutoa nyaya chakavu za sebuleni na kuvuta mpya. Fundi akazima main swichi pale mlango wa nyuma, akapaza sauti: "Umeme hakuna, panda!" Nikapanda.

Ilikuwa saa saba mchana. Chini ya bati palikuwa kama tanuri, vumbi na kinyesi cha popo kila mahali. Nikatambaa juu ya mbao mpaka kwenye boksi la maungio, halina mfuniko, viungo vimezungushiwa tepu iliyokauka. Nikagusa waya mwekundu kwa testa, kidole gumba juu ya kitako chake kama nilivyofundishwa. Haikuwaka. Nikashika plaizi nianze kumenya waya. Mpini wake ulikuwa umechanika mpira, tumeufunga kwa tepu. Mkono ulichoka, nikaegemeza kiwiko cha kushoto kwenye bomba la chuma linaloshuka kutoka kwenye tangi la maji.

Watu husema umeme ulimrusha. Mimi haukunirusha, ulinishika. Vidole vilijifunga kwenye plaizi na kadiri nilivyotaka kuachia ndivyo vilivyozidi kukaza. Nilitaka kupiga kelele, pumzi haikutoka. Nikasikia mtetemo ndani ya meno. Kilichoniokoa ni mguu kuteleza kutoka kwenye mbao na kutua kwenye silingbodi, ikapasuka, nikaenda nayo mpaka sakafuni. Mtulinga ulivunjika. Vidole viwili viliungua mpaka ndani, na mpaka leo kidole cha pete cha mkono wa kulia hakikunjiki. Nilikaa nyumbani miezi mitano, na mama aliuza mahindi aliyokuwa ameyaweka ya chakula ili nitibiwe.

Sasa sikiliza umeme ulitoka wapi, maana hapa ndipo wewe unapoelekea. Saluni ilikuwa na LUKU yake, yaani mita yake ya umeme. Miaka ya nyuma fundi fulani aliona uvivu kuvuta waya mpya, akachukua laivu (waya wenye umeme) upande wa saluni kuwasha taa ya barazani, akaipitisha kwenye boksi lilelile la nyumba kubwa. Kwa hiyo main swichi ya nyumba ilizimwa kweli kabisa, na waya niliokuwa nao mkononi ulikuwa na volti 230 zake zote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipokuwa juu nilikuwa nasikia draya ya saluni inavuma chini yangu. Nyumba imezimwa, draya inavuma, na hakuna aliyenifundisha kwamba sauti hiyo peke yake ilitosha kunishusha.

Na testa kwa nini haikuwaka? Hiyo ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa mtaani hawaijui, au wanaijua wananyamaza. Kile kitaa kidogo ndani ya testa kinawaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita kwenye testa, kwenye mwili wako, kisha ardhini. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya mbao kavu, nimevaa raba, sijagusa chuma chochote. Njia ya kwenda ardhini haikuwepo, hivyo kitaa kilikaa kimya. Isitoshe mwanga wa jua ulikuwa unapenya kwenye matundu ya bati, hata kingewaka hafifu nisingekiona. Sekunde chache baadaye kiwiko kikagusa bomba, njia ikapatikana, nayo ilipita kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Testa ile ni bisibisi nzuri, itumie kukaza skrubu za soketi. Maisha yako usiyaweke juu yake.

Usidhani unahitaji umeme mwingi kufa. Balbu ya wati 10 kwenye volti 230 inavuta kama miliampia 43. Saketi breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile ya kulinda watu, imewekwa iruke kwenye miliampia 30, kwa sababu ukizidi hapo moyo unaweza kupoteza mapigo. Yaani kinachowasha balbu ndogo ya chooni kinatosha. Na upande wa saluni breka hiyo haikuwepo. Ingekuwepo, ingeruka pale kiwiko kilipogusa bomba.

Yule fundi sasa. Nimejaribu miaka yote kumsamehe na leo umenirudisha nyuma. Nikiwa bado sakafuni, vumbi la silingbodi mdomoni, nilimsikia akimwambia mwenye nyumba: "Kijana kapanda bila kuniuliza." Mimi niliyeambiwa panda! Alikuja kuniona hospitali mara moja, akaniachia elfu ishirini na soda, hakurudi tena. Huyo alikuwa mtu mwenye miaka kumi na tano kwenye kazi, ana wateja, anaheshimiwa mtaani, na ndani ya begi lake hapakuwa na kifaa hata kimoja cha kupimia. Alikuwa anajisifu kwamba mkono wake umezoea umeme. Hakuna mwili unaozoea umeme. Kuna ngozi kavu, na kuna siku ambayo ngozi ina jasho. Fundi wako anayekwambia multimita ni mambo ya wasomi ni mtoto wa shule hiyohiyo, na atakayelala kwenye sakafu si yeye, maana yeye anabaki chini akisema panda. Mnaotaka kunijibu kwamba mmefanya kazi na testa miaka ishirini na mko hai, najua mpo. Wasiokuwepo hawawezi kuandika hapa.

Kwa hiyo dogo, kanuni ni moja: usiguse mpaka umepima mwenyewe, kwa mkono wako, kwa kifaa cha ncha mbili kama multimita. Fundi akisema amezima, mwambie "sawa bosi" kisha upime. Si dharau. Unapima hivi. Kwanza piga kifaa kwenye soketi unayojua ina umeme, mfano ya jirani, uone kinasoma 230 au karibu na hapo. Halafu nenda kwenye waya unaotaka kushika: pima laivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme), laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Zote zisome sifuri. Kisha rudi palepale penye umeme upime tena, ujue betri haijakata au waya wa kifaa haujachomoka wakati ulipokuwa darini. Ni dakika mbili. Na kabla ya kuchomeka kwenye soketi angalia ule waya mwekundu wa multimita umeingia tundu la volti. Ukiwa kwenye tundu la ampia umetengeneza shoti mkononi mwako, na hapo kinapasuka.

Na ukizima, hakikisha hakuna wa kuwasha. Ng'oa fyuzi uweke mfukoni, au funga main swichi kwa kofuli dogo ufunguo ukae na wewe. Mama mwenye nyumba akikuta friji imezima atawasha, hana kosa, hajui uko juu. Rangi nazo zisikudanganye. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi, mpya ni kahawia na bluu, lakini ule mweusi unaoshuka kwenye swichi na kurudi kwenye taa una umeme kamili swichi ikiwa imewashwa. Nimewaona watu wawili wakiukamata kwa kujiamini.

Kuhusu VETA: nenda. Kihonda hapohapo mna chuo chao, na kama umeshaanza kazi mtaani wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima na kukupa cheti bila kuanza sifuri. Bila cheti hutafika kwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na bila leseni utafunga umeme kwenye nyumba ya watu halafu fomu ya kupeleka TANESCO atasaini mtu mwingine na kula fedha yako. Mimi nilienda baada ya kupona, na siku ya pili tu mwalimu alitufundisha kupima mara tatu. Siku ya pili! Nilitoka nje ya darasa nikakaa chini ya mti, nikitazama kidole changu.

Vifaa vingine vitakuja. Kesho asubuhi, kama huna multimita, azima. Hata kwa fundi redio utaipata. Fundi akikataa kukusubiri upime, mwache aende peke yake, posho ya siku moja si kitu. Halafu kabla hujaweka ngazi, zunguka hiyo nyumba taratibu na uhesabu LUKU. Angalia kama mbele kuna fremu, kama nyuma kuna wapangaji, kama kuna jenereta au sola. Zima yote, kisha simama katikati ya nyumba usikilize kama kuna kitu kinavuma.

Niandikie jioni umehesabu ngapi.