Siku mama alipouliza, "Mulipima bamvua au maji mafu?"

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hizi siku za shughuli vyuoni, maonyesho, bonanza, midahalo na mengineyo, zinamsaidia mwanafunzi au zinamlia muda wake tu. Mie najibu zinasaidia, tena sana, ila sababu yangu si ile inayosemwa na wengi kwamba mwanafunzi anapumzisha akili. Sababu yangu ni mama yangu.

Nimesoma chuo hapahapa Unguja, jina lake naliacha, na mwaka wangu wa mwisho kulikuwa na siku ya chuo, geti wazi, kila mtu karibu. Asubuhi mbio za magunia na kuvuta kamba, sisi wasichana wa elimu tukawavuta wa biashara mpaka viganja vikachubuka, pembeni wazee wawili walioalikwa wanacheza bao na vijana wamewazunguka kimya, kule chini ya miembe urojo, mishkaki, kachori na juisi ya ukwaju, foleni yake usiseme. Yote hayo mazuri na nayapenda. Lakini ninachotaka kusimulia ni lile turubai la maonyesho ya utafiti.

Mama ni mkulima wa mwani, yale majani ya baharini, kijijini kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa wasiojua, mwani wa biashara huku kwetu ulianza 1989, hapo Jambiani na kwa jirani zetu Paje, mbegu ikatoka Ufilipino, na mpaka leo wengi wanaoulima ni wanawake. Yeye ameanza kabla mie sijazaliwa. Nilimbembeleza wiki nzima aje, ananambia mwanangu mie nije chuo kikuu nifanye nini, na nilimuelewa, maana wakati yeye anakua hakukuwa na chuo kikuu hata kimoja visiwani, vya mwanzo vimekuja 1998, kabla ya hapo anaetaka digrii anapanda meli anavuka. Kwahiyo kwake yeye chuo kikuu ni kitu cha ng'ambo ya bahari. Mwisho akaja, na buibui lake jipya, na wenzake wawili wa shambani.

Tulipoingia kwenye turubai mama akasimama mbele ya bango lenye picha ya mwani. Akatoa miwani, akasogea, akasoma herufi mojamoja, halafu akanigeukia, "Hapa pameandikwa nini?" Kila kitu Kiingereza. Kichwa cha habari, majedwali, mpaka maelezo chini ya picha, na picha yenyewe ilikuwa ya kotonii, aina moja ya mwani, iliyogeuka nyeupe, jambo ambalo mama analijua kuliko mtu yeyote aliyekuwemo mle ndani kwa sababu ndilo lililomfanya aache kulima kotonii, na kotonii ndio yenye bei, akabakia na aina nyengine, spinosamu.

Kijana mwenye bango, wa mwaka wa tatu, mtoto wa adabu kabisa, akampa shikamoo akaanza kumueleza kwa Kiswahili. Joto la maji likizidi mwani unadhoofika, unapata weupe, unakatika, na yeye amepima joto shambani kila wiki saa nne asubuhi kwa miezi mitatu, wastani wake huu hapa. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, hiyo saa nne mulipima bamvua au maji mafu?"

Bamvua ni zile siku bahari inajaa sana na kupwa sana, maji mafu ni zile siku haijai sana wala haikupwi sana. Kijana akasema zote, kila wiki.

"Basi umechanganya. Saa nne ya bamvua maji yamekupwa, mie niko shambani nafunga tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu, yana moto kama ya kumuogeshea mtoto. Saa nne ya maji mafu bahari imejaa, mwani uko chini na maji yamepita juu yake. Hizo bahari mbili. Ukizijumlisha ukagawa, huo mwani hauishi kwenye hiyo namba yako."

Kijana hakujibu. Akachukua kalamu akaandika palepale pembeni ya bango lake. Nikaona watu wanasogea, mwalimu mmoja akaja, mwengine akauliza mama unajuaje kama mwani unakaribia kuumwa kabla haujageuka rangi, mama akanyoosha vidole kama ameshika tawi, akasema mzima ukiuvunja unalia ko! na mgonjwa unapinda tu, hausemi kitu. Watu watano sita wanaandika. Mie nimekaa miaka mitatu chuoni na sijawahi kuona wanafunzi wanaandika kwa haraka namna ile.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu. Ratiba ilisema maonyesho saa tatu mpaka saa nane mchana. Hotuba za jukwaa kuu zikachelewa kuanza, zikaenda mpaka karibu na adhuhuri, na muda wote huo turubai limefungwa kwa sababu linamsubiri mgeni rasmi alifungue, kina mama waliotoka shamba na gari ya asubuhi wamekaa kwenye viti vya plastiki wanapigwa na jua. Limekuja kufunguliwa baada ya sala, na haijafika saa nane wenye kukodisha maturubai wameshaanza kufungua kamba. Mama alikatishwa akiwa katikati ya maneno. Kama kuna mtu anapanga siku kama hii chuoni kwake namuomba kwa dhati, hotuba ziwe fupi na maonyesho yaanze asubuhi, mgeni rasmi atayakuta watu washaanza kuzungumza na ndio raha yenyewe.

La pili ni lugha, na hili naliona kubwa zaidi. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, maneno ya mjini kwetu hapa, TAKILUKI, taasisi yetu ya Kiswahili na lugha za kigeni, ilianzishwa 1979 ikawa inafundisha wageni Kiswahili, na UNESCO wameipitisha 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani tangu 2021. Halafu bango la mwani wa Jambiani, mtu wa Jambiani halisomi! Sisemi Kiingereza kiondoke, ripoti ya kumpa msimamizi iendelee kuandikwa kama inavyotakiwa, ila siku ya geti wazi wekeni na bango la pili la Kiswahili, ni karatasi moja tu ya kuongeza, na mwanafunzi mwenyewe akiliandika atajua wapi hajaelewa vizuri, maana bamvua na maji mafu ni maneno ambayo yule kijana anayajua tangu mdogo, ni mtoto wa pwani kama sisi, ila kwenye utafiti wake hayakuwemo hata mara moja.

Bamvua lililofuata yule kijana alikuja Jambiani, yeboyebo miguuni, kipimajoto kwenye mfuko wa nailoni. Wakaondoka alfajiri na mama kusubiri maji yatoke. Alipima maji yakiwa kiunoni, akapima tena yakiwa kwenye vifundo, na mama amesimama pembeni yake amemshikia daftari juu lisirowe.