Panga nyaraka zako kwa kumfuata atakayeziuliza

Wengi wakianza kupanga makaratasi huyagawa kwa aina: risiti huku, mikataba kule, vyeti pembeni. Mpango huo unakwama siku afisa wa kodi anaposimama mbele ya kaunta yako pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akataka leseni, mkataba wa pango na risiti za manunuzi kwa mpigo. Vitu vitatu, mafaili matatu, na wateja wanasubiri. Ninashauri uanze upande wa pili: nani atakuja kuulizia karatasi hii? Mpe huyo faili lake.

Kwa mfanyabiashara mdogo au mwalimu mwenye shamba Uyole au Mufindi, waulizaji wakubwa ni watano. TRA (mamlaka ya mapato) na halmashauri, benki au saccos, ofisi ya kijiji kwa mambo ya ardhi, shule za watoto, na familia yenyewe kwa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na kadi za NIDA, yaani vitambulisho vya taifa. Boksi faili tano zinatosha. Andika mgongoni kwa maka pena nene, karatasi mpya ikae juu. Karatasi inayotakiwa na waulizaji wawili, ile halisi ikae kwa anayeitaka mara nyingi zaidi, na kopi ikae kwa mwingine. Pembeni mwa kopi andika kwa penseli ilipo halisi: "Halisi iko Benki". Maneno hayo matatu yanakuokoa kupekua nyumba nzima.

Faili la TRA ndilo linaloharibika haraka kuliko yote, kwa sababu ya risiti za EFD, zile zinazotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi. Karatasi ile haipigwi wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na baadaye maandishi hufifia kwa jua, mafuta ya mikononi, gundi, na baadhi ya plastiki laini. Risiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari au ndani ya pochi ya plastiki inaweza kubaki karatasi tupu, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5. Kwa hiyo, wiki hiyohiyo uliyonunua, tandaza risiti sita hadi nane juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, toa kopi moja ya A4, kisha pigilia risiti zenyewe nyuma ya kopi kwa stepla. Kama risiti imeandika "bidhaa" tu, andika pembeni ya kopi kilichonunuliwa: mbolea mifuko minne, misumari kilo mbili. Usiipeleke ikalaminetiwe hata kidogo. Joto la mashine litaigeuza nyeusi yote mara moja, na hapo hakuna wa kuirudisha.

Kulamineti hakufai pia kwa hati za ardhi na mikataba. Hati huongezewa maandishi na mihuri, kwa mfano shamba likihamishwa au likiwekwa rehani, na plastiki ikishashika haibanduki bila kuchana karatasi. Kwa mwenye shamba la miti hili lina uzito wa pekee. Paina unayopanda leo itavunwa baada ya miaka 15 hadi 20 hivi, na katika muda huo utabadilisha simu mara nyingi, mtendaji wa kijiji atahamishwa, mashahidi wengine watakuwa wametangulia mbele za haki. Mkataba wa mauziano au hatimiliki ya kimila ikae kwenye bahasha ya kaki, bila pini ya chuma, kwa sababu pini hupata kutu na kutoboa karatasi. Mpira wa kufungia pesa nao usiutumie: huyeyuka na kunata.

Kisha kuna unyevu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu hata Mei, karatasi inanyonya maji ya hewani bila wewe kuona tone. Boksi lililosukumwa hadi ukutani, hasa ukuta wa nje, hupata ukungu mgongoni kwanza. Acha nafasi ya kiganja kati ya boksi na ukuta, na liinue kutoka sakafuni, maana chini kuna mchwa. Usifunge nyaraka kwenye mfuko wa nailoni siku ya mvua. Utafungia unyevu humohumo. Subiri siku kavu, zipunge hewa kivulini, ndipo ufunge.

Simu kazi yake ni kutafuta na kukumbusha. Piga picha kwa programu yenye sehemu ya kuskani, kama ile ya Google Drive, karibu na dirisha, bila flashi, karatasi ikijaza fremu. Acha rangi. Ukichagua nyeusi na nyeupe, mhuri wa bluu unachanganyika na sahihi, na afisa wa mkopo atakurudisha. Jina la faili lianze na mwaka: "2025-07-03 TRA risiti mbolea". Kwa namna hiyo yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama picha, kwa kuwa picha hubanwa na maandishi madogo hayasomeki.

Simu ikiibiwa stendi, laini imekwenda nayo, na namba ya uthibitisho ya kufungulia akaunti inatumwa kwenye laini hiyohiyo. Google inampa mwenye uthibitisho wa hatua mbili namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu ya kawaida, uziweke kwenye faili la familia.

Shughuli za kila siku zinahitaji kaunta buku moja tu ya kwaya mbili, yenye kurasa 192. Zipe kurasa namba, acha nne za mwanzo kwa faharasa. Nyumbani na kazini viandikwe humohumo, kwa sababu mwenye madaftari mawili husahau lililobaki nyumbani. Andika tendo zima: "Mbolea" haikuambii kitu baada ya siku tatu, lakini "Mpigie wakala wa Uyole, uliza bei ya DAP kilo 50" inafanyika ukiwa kwenye daladala. Kilichokamilika weka vema, kilichofutwa piga mstari, kilichosogezwa weka mshale na namba ya ukurasa kilipohamia. Jambo lenye mishale mitatu lina kasoro: ama ni kubwa mno na linahitaji kuvunjwa vipande, ama si lako.

Chenye tarehe kamili kiingie pia kwenye kalenda ya simu, na vikumbusho viwili: siku 14 kabla, ya kutafuta fedha, na siku mbili kabla, ya kulipa. Anza na awamu za kodi ya mapato kwa anayefuata mwaka wa kalenda, yaani mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Fuatisha leseni, bima ya gari na ada za shule, na ndani ya kila kikumbusho andika jina la faili karatasi yake ilipo.