Re: Uji shuleni bila mfadhili, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama wazazi wa kijijini wanaweza kuanzisha uji shuleni bila kusubiri mfadhili. Wanaweza, ila mwezi wa kuchangisha ndio kila kitu. Sisi tulianza Januari: ada, sare, na mahindi ya ndani yanapungua. Tukapata debe nne tu, Machi uji ukaisha, sufuria likaanikwa juani. Mwaka uliofuata tukapita nyumba kwa nyumba mara tu baada ya mavuno, debe moja kila kaya, asiye na mahindi alete kuni au achote maji. Hapo uji ukafika hadi mitihani.

Karanga na mahindi ya uji yakaushwe vizuri, tena juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga, si hadithi; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje yenye ukungu tupa, usimwonee huruma aliyeileta.

Kuhusu kuanza kidogo, tazama Wawira Njiru wa Kenya. Alianza kulisha watoto wa shule 2012 pale Ruiru, watoto 25 tu. Leo shirika lake, Food4Education, lina majiko makubwa, mzazi analipa kwa simu, mtoto anagusisha bangili yake kwenye mashine na kupewa sahani. Mwenzake wa foleni hajui nani kalipiwa na nani hajalipiwa. Hilo la bangili nalipenda kuliko majiko yenyewe, maana kwetu mwalimu alikuwa anasoma majina ya wasiochanga mbele ya sufuria, na watoto wakawa wanajificha chooni saa nne.