Mama anakusalimia

Wiki hii mmeuliza kama kumwambia mtu ukweli usoni ni kukosa adabu. Swali limenigusa kwelikweli, ila mi nitajibu la kwangu: hiyo adabu gharama yake analipa nani?

Maana kila watu wana namna yao ya kustahiana. Mjapani akisema "chotto", yani kidogo, afu akaachia hapohapo, ujue ushakataliwa. Wachina wana neno lao "mianzi", yani uso, heshima ya mtu mbele za watu, na wazee wetu walishasema uso umeumbwa na haya. Huku Kigoma ukianza na shida yako kabla ya "mwakeye", salamu ya Kiha, na habari za nyumbani, husikilizwi hata uwe na haki vipi.

Sasa marehemu mama alikuwa anauza mawese Ujiji. Jirani akachukua dumu zima la lita 20 kwa mali kauli, atalipa baada ya wiki mbili, mwezi ukapita. Mama akanituma, "kamwambie mama anakusalimia". Basi. Nikaenda, yule mama akanikaribisha vizuri, akanipa samaki mgebuka wa kukaanga nikala, akasema mwambie salamu zimefika na mimi namsalimia sana. Nikarudi na salamu, hela hakuna. Nimeenda hivyo mara tano au sita, na wote watatu tulijua salamu zile ni za nini, na muda wote huo mi nimefukuzwa shule sababu ya ada, maana ilikuwa kabla hawajafuta ada ya sekondari 2016. Dada alivyokuja toka Dar akamkuta yule jirani bombani, watu wamejaa, akamuuliza palepale, "hela ya mawese ya mama vipi?" Jioni ileile ikaja, kaileta binti yake kaifunga kwenye pindo la kanga. Salamu hakupewa alete. Mama alilia, akamgombeza dada mpaka usiku, na mi Jumatatu nikaingia darasani.

Nimeanza kuandika nikiwa upande wa mama kabisa, lakini aliyenirudisha shule ni dada, hilo siwezi kulikwepa. Kwa hiyo nasema ukweli usemwe, ila mkiwa wawili, ndani, na salamu zitangulie. Kwa mtu mzima aliyekuzidi sijui, kwa kweli. Kuna mzee hapa Mwanga ana hela yangu ya dagaa tangu Ramadhani, na ndo huyo aliyesimamia mazishi ya mama. Jana nimemtuma mwanangu akamsalimie.